Imi Lichtenfeld: Bingwa wa mieleka aliyevuka bahari kwa mashua, akaishia kuwafua wanajeshi

KWENYE mieleka kuna mwamuzi. Ukimkaba mpinzani vibaya filimbi inalia, mnaachanishwa, mnaanza upya. Kuna uzito, kuna dakika, kuna mkeka wa kukupokea ukidondoka. Hata ukichapwa, mwisho wa pambano mnashikana mikono na kila mtu anarudi kwao.

Mtaani hakuna filimbi. Anayekuja na rungu haulizi una kilo ngapi, na anayekuja na kisu hasubiri ukae sawa. Wakija watano, hao watano wote ni wako.

Somo hilo lilimkuta Imi Lichtenfeld katika mitaa ya Bratislava, katikati ya miaka ya 1930. Wakati huo jamaa hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa bingwa wa mieleka, bingwa wa ngumi na mkali wa jimnastiki. Kwa ubabe wa ulingoni alikuwa amemaliza kila kitu. Lakini makundi ya vijana wenye chuki yalipoanza kuingia kwenye mtaa wa Wayahudi kupiga watu na kuvunja maduka, aligundua kwamba nusu ya aliyofundishwa ulingoni hayafai kitu barabarani, na mengine yangeweza kumuua.

Kutokana na somo hilo ndipo ulipozaliwa mtindo wa kujihami ambao leo unafundishwa kwa askari, walinzi wa viongozi na raia wa kawaida katika nchi nyingi duniani, hata Nairobi. Unaitwa Krav Maga. Aliyeuasisi alikuwa mwanamieleka mhamiaji aliyefika ugenini akiwa ametoka kuponea chupuchupu baharini.

Mtoto wa mwanasarakasi

Imi alizaliwa Mei 26, 1910 mjini Budapest, wakati huo ukiwa ndani ya dola ya Austria na Hungary. Lakini alikulia Bratislava, mji wa kando ya Mto Danube ambao enzi hizo ulikuwa na majina matatu. Wajerumani waliuita Pressburg, Wahungari Pozsony, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukawa sehemu ya nchi mpya ya Czechoslovakia kwa jina la Bratislava. Lugha zilikuwa nyingi, dini nyingi, na Wayahudi peke yao walikuwa karibu 15,000.

Kumuelewa Imi lazima uanze na mzee wake, Samuel Lichtenfeld. Huyu mzee alikuwa kiboko. Akiwa na miaka 13 tu aliacha kwao akajiunga na kundi la sarakasi linalozunguka mji hadi mji. Humo alikaa takriban miaka 20, akinyanyua vyuma, akipigana mieleka mbele ya watazamaji na kuonyesha maajabu ya nguvu. Sarakasi ya enzi zile ilikusanya watu wa kila namna, na kila mmoja alikuja na ujanja wake. Samuel aliokota kwa huyu mbinu moja na kwa yule nyingine.

Alipochoka kuzunguka alitulia Bratislava, akafungua klabu ya mazoezi ya nguvu aliyoiita Hercules, jina la shujaa wa hadithi za Kigiriki. Halafu akafanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia kwa mtu wa sarakasi: akaingia polisi. Akawa mpelelezi, akapanda hadi kuwa mkaguzi mkuu wa wapelelezi, na akajulikana kwa kuwakamata wahalifu sugu ambao wenzake waliwaogopa.

Pamoja na kazi ya kukamata, Samuel aliwafundisha askari wenzake namna ya kujihami na kumdhibiti mtu bila kumuumiza pasipo sababu. Alisisitiza kwamba mtu akishakuwa mikononi mwa polisi, aheshimiwe. Kijana wake alikuwa palepale, akiangalia na kujifunza.

Mataji ndani ya miaka miwili

Kwa malezi hayo isingekuwa rahisi Imi awe karani. Baba alimsukuma kwenye kila mchezo. Alianza na kuogelea, akaenda jimnastiki, kisha mieleka na ngumi.

Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, alitwaa ubingwa wa mieleka wa vijana wa Slovakia. Mwaka uliofuata akapanda kwa wakubwa na kutwaa ubingwa katika uzito mwepesi na uzito wa kati. Ukidhani aliishia hapo, bado. Mwaka huohuo wa 1929 akabeba ubingwa wa taifa wa ngumi, na akashinda mashindano ya kimataifa ya jimnastiki.

Kwa takriban miaka kumi iliyofuata mieleka ndiyo ikawa maisha yake, kama mchezaji na kama kocha.

Wakati huo Wayahudi wa Ulaya ya Kati walikuwa moto kweli kwenye michezo ya nguvu. Kule Vienna, klabu ya Hakoah ilikuwa na Micki Hirschl, aliyerudi na medali mbili za shaba za mieleka kutoka Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932. Hungary walikuwa na Károly Kárpáti, ambaye mwaka 1936 alimshinda Mjerumani Wolfgang Ehrl na kuchukua dhahabu palepale Berlin, kwenye michezo ambayo Adolf Hitler aliitaka iwe maonyesho ya ubora wa watu wake. Wengine walikataa kabisa kwenda Berlin. Hirschl alikuwa mmoja wao, na pia waogeleaji wa klabu ya Bar Kochba ya Bratislava, mji wa kina Imi.

Lakini taji la mieleka halikumzuia mtu kutukanwa kwa sababu ya dini yake. Na muda si mrefu matusi yakageuka mawe.

Mtaa unawaka moto

Aprili 1936 sinema moja ya Bratislava ilionyesha filamu ya Kifaransa, Le Golem, inayotokana na hadithi ya kale ya Wayahudi wa Prague. Wanafunzi wenye msimamo mkali walivamia, wakafanya fujo, na ghasia zikasambaa mitaani kwa siku kadhaa. Wayahudi walipigwa, vioo vya maduka yao vikavunjwa.

Fujo za namna hiyo hazikuishia hapo, ziliendelea kila hali ya kisiasa ilipochafuka. Imi akawakusanya vijana wenzake, wengi wao mabondia, wanamieleka na wanyanyua vyuma wa Kiyahudi, wakaunda kikosi cha kulinda mtaa wao. Kazi ilikuwa moja: wakisikia genge linakuja, wanakwenda kusimama njiani.

Na huko njiani ndiko alikojifunza kwa maumivu. Mwanamieleka amezoea kumkumbatia mpinzani na kwenda naye chini. Mtaani, ukienda chini na mmoja, wenzake wanakukanyaga. Bondia amezoea kupiga akiwa na glovu, ngumi ikielekea kichwani. Mtaani, ukimpiga mtu kichwani kwa mkono mtupu, unaweza kujivunja vidole mwenyewe. Mwanamichezo amezoea kumpima mpinzani raundi ya kwanza ili ammalize raundi ya tatu. Mtaani hakuna raundi ya tatu.

Imi akaanza kuchuja. Kile kinachofanya kazi kikabaki, kile cha mbwembwe kikaachwa. Alirudi kwenye mafunzo ya baba yake, yaani mbinu za askari wa kukamata wahalifu, akayachanganya na wepesi wa miguu wa bondia na mizani ya mwanajimnastiki.

Lakini kikosi cha vijana wa mtaani hakiwezi kupigana na dola. Machi 14, 1939 Slovakia ilijitangazia uhuru chini ya kivuli cha Ujerumani, ikiongozwa na padri Jozef Tiso. Sheria za kuwabana Wayahudi zikaanza kumiminika. Wale waliokuwa wakirusha mawe barabarani sasa marafiki zao walikuwa ofisini. Imi, kijana anayejulikana mji mzima kwa kuwatandika wahuni wao, akawa mtu anayetafutwa. Ikabidi aondoke.

Meli iliyochakaa

Mei 1940 meli moja ya mvuke iitwayo Pentcho iling'oa nanga Bratislava. Kwa kweli kuiita meli ni kuipa heshima. Ilikuwa chombo cha mtoni, kimechakaa, kisichotengenezwa kwa mawimbi ya bahari. Ndani yake walirundikana mamia ya Wayahudi, na njiani wakaongezeka hadi kupita 500. Lengo lilikuwa kushuka Mto Danube, kuingia Bahari Nyeusi, kupita Istanbul na kwenda hadi Palestina, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Uingereza.

Waingereza nao walikuwa wameshafunga mlango. Mwaka 1939 walitoa waraka ulioweka kikomo cha wahamiaji Wayahudi 75,000 kwa miaka mitano. Hivyo safari ya Pentcho haikuwa na kibali kokote. Nchi za kando ya Danube hazikutaka isimame kwao, na zingine hazikutaka ipite. Miezi ilikatika meli ikiwa imekwama mtoni, chakula kikipungua na wagonjwa wakiongezeka.

Hapo Imi alionyesha jamaa ni wa namna gani. Zaidi ya mara moja alijitupa majini kuokoa watu waliodondoka au magunia ya chakula yaliyokuwa yakizama. Maji yale yakampa maambukizi mabaya ya sikio ambayo nusura yamuue.

Septemba waliingia Bahari Nyeusi. Oktoba 1940, wakiwa wameshafika kwenye visiwa vya Ugiriki, mtambo wa mvuke ulilipuka. Pentcho ikasukumwa na upepo hadi kwenye kisiwa kidogo cha mawe kisicho na mtu, kiitwacho Kamilonisi. Abiria wakashuka na walichoweza kubeba. Meli ikazama.

Asubuhi ya tano

Watu zaidi ya 500 juu ya mwamba, bila maji ya kutosha, katikati ya bahari yenye vita. Ilibidi mtu aende kutafuta msaada.

Imi na wenzake wanne wakachukua mashua ya kuokolea wakaanza kupiga makasia kuelekea kisiwa cha Krete. Sikio lilikuwa limevimba, homa iko juu, lakini alikataa kubaki nyuma. Upepo ukawakataa, wakashindwa kufika Krete. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, ya nne. Asubuhi ya tano meli ya kivita ya Uingereza ikawaona na kuwachukua hadi Alexandria, Misri. Imi akaingizwa hospitali akiwa hoi na kufanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja.

Na waliobaki kwenye mwamba? Waliokolewa na Waitaliano, wakapelekwa kisiwa cha Rhodes, na baadaye kwenye kambi ya Ferramonti kusini mwa Italia. Walikuwa wafungwa, lakini wengi wao walitoka hai majeshi ya Washirika yalipofika mwaka 1943.

Kule walikotoka hali ilikuwa nyingine. Kati ya Machi na Oktoba 1942 dola ya Slovakia iliwapakia kwenye treni Wayahudi karibu 58,000 na kuwakabidhi kwa Wajerumani. Wachache sana walirudi. Kwa hesabu hiyo, waliopanda kile chombo kibovu na kuzamishwa nacho ndio waliobahatika.

Imi alipopona hakukaa. Alijiunga na kikosi cha Wachekoslovakia kilichopigana chini ya amri ya Waingereza huko Mashariki ya Kati. Mwaka 1942 akapewa ruhusa ya kuingia Palestina. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu aondoke kwao. Alikuwa na umri wa miaka 32, hana mji wa kurudi wala klabu ya kuchezea. Alichobaki nacho ni ile elimu aliyoipata mtaani.

Wanamieleka wawili wanakutana

Elimu hiyo ilikuwa ikitafutwa. Wayahudi wa Palestina walikuwa na jeshi lao la siri, Haganah, na ndani yake kikosi cha wapiganaji wa kudumu kilichoitwa Palmach. Mwanzilishi wa Palmach aliitwa Yitzhak Sadeh, mhamiaji kutoka dola ya Urusi. Kabla ya kuwa kamanda, Sadeh naye alikuwa mwanamieleka, aliyewahi kutwaa ubingwa kule St. Petersburg.

Huyo hakuhitaji kuelezwa thamani ya mtu kama Imi. Mwaka 1944 Imi akaanza kuwafundisha wapiganaji: viungo, kuogelea, mieleka, matumizi ya kisu na namna ya kujihami na kisu.

Haki isemwe, hakuwa peke yake. Walikuwepo wakufunzi wengine, waliochanganya jujitsu, ngumi na mapigano ya fimbo. Moshe Feldenkrais, mhamiaji mwingine, alishaandika kitabu cha jujitsu kwa Kiebrania tangu mwaka 1931. Mafunzo hayo ya pamoja yaliitwa Kapap, yaani mapigano ya ana kwa ana. Imi aliingia kwenye jiko ambalo tayari lilikuwa na moto. Yeye alikaa jikoni muda mrefu kuliko wengine na akaandika namna ya kupika.

Mwaka 1948 taifa la Israel lilitangazwa na vita vikawaka. Kwa upande mmoja watu waliofukuzwa Ulaya walipata kwao, kwa upande mwingine Wapalestina zaidi ya 700,000 walipoteza makazi yao, na mgogoro huo haujaisha hadi leo. Jeshi jipya la Israel lilimfanya Imi mkufunzi mkuu wa viungo na mapigano ya mikono. Kazi ya kufundisha wapiganaji aliifanya kwa takriban miaka 20.

Huko pia alibadilisha jina. Lichtenfeld kwa Kijerumani ni uwanja wa mwanga. Akalitafsiri kwa Kiebrania likawa Sde-Or, maana ileile.

Siri ni kutokuwa na mbwembwe

Tatizo alilopewa Imi jeshini kila kocha anaweza kulielewa. Wanamichezo anawapata kwa kuchagua, lakini wanajeshi wanaletwa. Israel vijana wengi, wa kiume na wa kike, wanaitwa jeshini. Wengine wanene, wengine waoga, wengine hawajawahi kupigana hata shuleni. Na muda ni wiki chache, sio miaka kumi ya kusaka mkanda mweusi.

Jibu lake lilikuwa kuanza na kile ambacho mwili unakifanya wenyewe. Chukua mfano wa kukabwa. Mtu akikushika koo kwa mikono miwili kutoka mbele, hakuna anayefikiri. Mikono yako inaruka yenyewe kwenda shingoni. Badala ya kumfundisha mtu aizuie hiyo mikono na kufanya kitu kingine, Imi alimfundisha aimalizie safari: igeuke kuwa ndoano, inyofoe mikono ya mkabaji pale kwenye vidole gumba, na wakati huohuo mguu upande kwenye sehemu zake za siri.

Hilo neno "wakati huohuo" ndilo moyo wa mtindo wenyewe. Kwenye mitindo mingi ya zamani unakinga kwanza, halafu unapiga. Imi alisema ukikinga tu, umempa mwenzako nafasi ya pigo la pili. Mkono mmoja ukizuia kisu, mwingine uwe tayari usoni kwake.

Jambo la tatu ni wapi pa kupiga. Sheria za mieleka na ngumi zimekataza macho, koo na sehemu za siri. Zimekataza kwa sababu ndizo sehemu zinazomwangusha mtu yeyote, awe na kilo 60 au 120. Imi aliugeuza huo orodha wa makatazo ukawa mtaala.

Na la nne, ambalo wanafunzi wapya huwa hawalipendi: kimbia. Ukiona njia ya kuondoka, ondoka. Ukishajinasua, angalia kama kuna mwingine, kisha potea. Kwa Imi, aliyeshinda ni yule aliyefika nyumbani mzima. Bingwa wa mataji matatu ndiye aliyekuwa akisema hivyo.

Kutoka kambini hadi mitaani

Imi alipostaafu jeshi miaka ya 1960 angeweza kukaa barazani kwake. Badala yake akafungua vituo viwili vya mafunzo, kimoja Tel Aviv na kingine Netanya, mji wa pwani alikokuwa akiishi. Sasa wateja walikuwa watoto wa shule, akina mama, wafanyabiashara, wazee.

Kuwafundisha raia kulimlazimisha kuchuja tena. Mwanajeshi anafundishwa kumaliza, raia anafundishwa kujiokoa bila kuishia gerezani. Hapo ndipo yale ya Mzee Samuel kuhusu heshima kwa mtu aliyedhibitiwa yaliporudi kazini. Akaazima mfumo wa mikanda ya rangi kutoka judo ili wanafunzi wapande hatua kwa hatua. Wa kwanza kufika mkanda mweusi alikuwa Eli Avikzar, ambaye baadaye alishika nafasi ya kuongoza mafunzo hayo jeshini.

Mapema miaka ya 1970 kozi ya kwanza ya walimu wa kiraia ilifanyika katika Taasisi ya Wingate, kituo kikuu cha michezo cha Israel, jirani na Netanya.

Miaka hiyohiyo mieleka ya Israel ilipata pigo ambalo dunia ya michezo haijalisahau. Septemba 5, 1972, kwenye kijiji cha wanamichezo cha Olimpiki mjini Munich, Wapalestina wa kundi la Black September walivamia makazi ya Waisraeli. Kati ya 11 waliouawa, wanne walikuwa watu wa mieleka. Kocha Moshe Weinberg aliwakabili wavamizi. Mwamuzi Yossef Gutfreund, jitu la miraba minne, aliuzuia mlango kwa mwili wake kwa sekunde chache, na sekunde hizo zikamtosha mwenzake mmoja kutoroka dirishani. Eliezer Halfin na Mark Slavin, kijana wa miaka 18, walikuwa wachezaji, wote wahamiaji kutoka Umoja wa Kisovieti. Mwanamieleka mwingine, Gad Tsabari, alichomoka mbio na kupona.

Hao walikuwa mashujaa, lakini mbele ya bunduki nguvu za ulingoni zina mwisho. Tangu siku ile ulinzi wa wanamichezo kwenye mashindano makubwa haukubaki kama ulivyokuwa.

Mwaka 1978 Imi na wanafunzi wake waliunda chama cha Krav Maga. Mwaka 1981 kundi la Wamarekani lilikwenda Wingate kusomea ualimu, na mmoja wao, Darren Levine wa Los Angeles, akaupeleka mtindo huo Marekani. Kutoka hapo ukaingia kwa polisi, kwa walinzi wa watu maarufu na kwenye kumbi za mazoezi za kila mji.

Umaarufu ukaja na lake. Wanafunzi wakagawanyika, kila kundi likafungua shirikisho lake, na wengine wakafikishana mahakamani kugombea jina. Leo ukitafuta mwalimu utakuta mashirikisho kibao, kila moja likisema lenyewe ndilo lenye urithi halisi wa mzee. Wapo pia wanaouza vyeti vya wiki moja kwa mtu ambaye hajawahi hata kukunja ngumi. Kwa mtindo ulioanzishwa ili mtu asiuawe, cheti cha uongo ni hatari kuliko kutokuwa na cheti.

Mduara usiofungwa

Uzeeni Imi alikuwa mtu wa mkahawa. Wanafunzi kutoka nje ya nchi walimfuata Netanya wakitarajia kukutana na mbabe, wakamkuta mzee nadhifu, mtanashati, mcheshi, anayekunywa kahawa na kusalimia kila apitaye. Lakini ukimwonyesha mbinu mpya alikuwa anasimama palepale na kukuonyesha mahali ambapo kisu kingepita.

Alifariki Januari 9, 1998 mjini Netanya, akiwa na miaka 87.

Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mtu anajifunza kupigana ili atembee kwa amani. Asiwe na hofu, na asiwe na hamu ya kumtafuta mtu wa kumjaribia. Hiyo si kauli nyepesi kwa kijana aliyeanzia kwenye mji ambao kutembea tu barabarani kulihitaji kundi la mabondia.

Na kuna alama aliyoiacha. Nembo aliyoibuni ina herufi mbili za Kiebrania zinazosimama badala ya maneno Krav Maga, zimezungukwa na mduara. Ukiutazama vizuri, mduara huo haujafungwa. Imi aliuacha wazi makusudi, ili kinachofaa kiendelee kuingia na kisichofaa kitoke.